Baada ya morfini kuandikwa: Muuguzi anavyomfuatilia mgonjwa anayetibiwa maumivu akiwa nyumbani

Mgonjwa wa saratani anayeruhusiwa kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, au kutoka hospitali za Bugando na KCMC, mara nyingi huondoka na vitu vitatu: kadi ya kliniki, barua ya kumtambulisha katika kituo kilicho karibu na nyumbani kwake, na chupa ya morfini ya maji. Kadi ina tarehe ya kurudi. Barua ina maelezo ya ugonjwa. Chupa, ambayo ndiyo itakayoamua kama mgonjwa atalala usiku huo au atakesha akiugulia, huambatana na maelekezo mafupi aliyopewa ndugu dirishani, huku mawazo yake yakiwa kwenye basi la kurudi kijijini.

Kuanzia siku hiyo hadi tarehe ya kliniki, ambayo inaweza kuwa wiki kadhaa mbele, daktari aliyeandika dawa hamwoni tena mgonjwa wake. Anayeweza kumwona ni muuguzi wa zahanati au kituo cha afya. Ndiye anayeijua nyumba ilipo, nani anampikia mgonjwa, nani katika familia hiyo anakunywa pombe, na kama kuna mtoto mdogo anayeweza kuifikia rafu ya vyombo. Kazi anayoifanya katika wiki hizo haiandikwi sana, lakini bila hiyo cheti cha daktari hubaki karatasi, na wakati mwingine hugeuka kuwa hatari.

Morfini iko katika kundi la dawa jamii ya afyuni, pamoja na kodeini, tramadoli, pethidini, fentanili na methadoni. Kisheria nyingi kati ya hizo hutajwa kuwa dawa tiba zenye asili ya kulevya. Matumizi yake nchini husimamiwa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 na sheria zinazosimamia dawa na vifaa tiba. Usimamizi huo haumaanishi kwamba mgonjwa anayezitumia anafanya jambo la aibu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, ambao ndio msingi wa udhibiti huo duniani, unatamka katika utangulizi wake kwamba matumizi ya dawa hizi kwa ajili ya kutuliza maumivu hayana mbadala, na kwamba nchi zina wajibu wa kuhakikisha zinapatikana kwa tiba. Morfini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Wanaozihitaji si wagonjwa wa saratani peke yao. Wamo wenye selimundu wanapopatwa na maumivu makali ya mifupa, walioungua moto, waliotoka kufanyiwa upasuaji na baadhi ya wagonjwa wa moyo na mapafu wanaosumbuliwa na kukosa pumzi katika hatua za mwisho. Hata hivyo, saratani ndiyo inayoonesha vizuri zaidi kazi ya muuguzi wa afya ya msingi, kwa sababu mgonjwa hutumia dawa kwa wiki au miezi, nyumbani, mbali na kitanda cha hospitali.

Saa nne nne

Morfini ya maji ikimezwa huanza kufanya kazi ndani ya takribani nusu saa, na nguvu yake hudumu kwa saa nne hivi. Kwa sababu hiyo hutolewa kila baada ya saa nne, maumivu yawepo au yasiwepo. Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Katika maisha ya kawaida mtu humeza dawa ya maumivu anapoumwa, na akipata nafuu huacha. Mgonjwa wa saratani akingoja maumivu yarudi ndipo anywe, huishi akiyafukuza mchana kutwa, na dozi ambayo ingetosha kuyazuia huonekana haifai kitu.

Muuguzi humpangia mgonjwa ratiba kwa saa anazozijua: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Dozi ya saa 4 usiku huweza kuandikwa na daktari kuwa mara mbili ya zile nyingine, ili mgonjwa na anayemuuguza wapate kulala bila kuamka saa 8 usiku. Nyumba isiyo na saa ya ukutani hutumia simu ya kiganjani yenye kengele, au mwito wa adhana, au taarifa ya habari ya redioni. Muuguzi mzoefu haondoki kabla ya kujua familia itatumia alama ipi.

Kipimo nacho ni jambo la kutazamwa kwa macho. Kijiko cha chai cha nyumba moja si sawa na cha nyumba nyingine, na kosa la mililita chache katika dawa hii lina uzito. Kinachotakiwa ni kikombe kidogo chenye mistari au bomba la sindano lisilo na sindano. Ndugu huombwa apime dozi moja mbele ya muuguzi. Jambo hili huchukua dakika mbili na hufichua mengi kuliko kumuuliza kama ameelewa, maana karibu kila mtu hujibu kwamba ameelewa. Vilevile, morfini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Mgonjwa aliyezoea chupa yenye miligramu 5 katika kila mililita 5 akipewa chupa kali mara kumi ya hiyo, na nyumbani wakaendelea kupima mililita zilezile, atakuwa amepewa dozi mara kumi. Kila chupa mpya inapoingia nyumbani, lebo husomwa upya.

Hesabu ya kilichobaki

Chupa ikiletwa kituoni, muuguzi huiinua na kuangalia kilichobaki. Kitendo hicho huweza kumuudhi ndugu anayedhani anashukiwa wizi, hivyo ni vyema akaelezwa sababu yake mapema.

Chukua mfano wa mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi, saratani inayoongoza nchini, ambaye ameandikiwa miligramu 5 kila baada ya saa nne na miligramu 10 usiku. Ikiwa dawa yake ina miligramu 5 katika mililita 5, kwa siku atatumia mililita 30. Alipewa chupa ya mililita 500. Baada ya siku 14 anapaswa kuwa ametumia mililita 420, na chupani zimebaki 80.

Muuguzi akikuta zimebaki 300, anajua kwamba mama huyo amepata chini ya nusu ya dawa yake, hata kama nyumbani wanasema anakunywa vizuri. Huenda ndugu anapunguza kwa hofu. Huenda mgonjwa mwenyewe anaibania dawa ili isiishe kabla ya safari nyingine ya mjini, kwa kuwa nauli ni tatizo. Huenda anatapika. Kila sababu ina jibu lake, na hakuna hata moja ambayo jibu lake ni kuongeza dozi.

Akikuta zimebaki 10, mililita 70 za ziada zimetumika, sawa na dozi 14 za mililita 5, yaani moja kila siku. Kama daktari aliruhusu dozi ya nyongeza maumivu yanapopenya kabla ya saa, matumizi hayo yanaeleza kwamba dozi ya kawaida haitoshi na inahitaji kuangaliwa na daktari. Kama hakuruhusu, au kama mgonjwa anasema hakuongezewa chochote, muuguzi ana swali jingine la kuuliza, nalo linahusu nani mwingine ndani ya nyumba anaifikia chupa.

Hesabu hiyo huandikwa: tarehe, kilichobaki, dozi inayotumika, na kiwango cha maumivu. Katika huduma za tiba shufaa barani Afrika maumivu hupimwa mara nyingi kwa vidole vya mkono mmoja. Ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, na vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mgonjwa asiyejua kusoma huonesha vidole bila shida, na mtoto mkubwa vilevile. Tarakimu tatu za wiki tatu zikiwekwa mstari mmoja katika daftari humwambia daktari kwa simu kile ambacho barua ndefu isingekieleza.

Pumzi, mkojo na choo

Hatari kubwa ya dawa jamii ya afyuni ni kupunguza msukumo wa kupumua. Kwa mgonjwa anayemeza morfini kwa dozi iliyoanza chini na kupandishwa taratibu, jambo hilo ni nadra, na kabla halijatokea huwa kuna dalili: usingizi mzito unaozidi siku hadi siku. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo ni wa kawaida, hasa kwa mtu ambaye hajalala kwa wiki kadhaa kwa sababu ya maumivu. Usingizi unaoanza baada ya wiki tatu za dozi ileile si wa kawaida.

Muuguzi huhesabu pumzi kwa dakika moja kamili, akiangalia saa, mgonjwa akiwa ametulia. Mtu mzima hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Zikipungua chini ya 10, mgonjwa huamshwa na kutazamwa kwa karibu, na dozi inayofuata husubiri ushauri wa daktari. Zikishuka chini ya 8, mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya sindano na mgonjwa haamki hata akitikiswa, hiyo ni dharura na anapaswa kuwahishwa hospitalini. Dawa ya kuondoa nguvu ya morfini, naloksoni, ipo, lakini yenyewe huisha nguvu mapema kuliko morfini, kwa hiyo mgonjwa aliyezinduka hapaswi kurudishwa nyumbani papo hapo.

Orodha ya dawa nyingine anazotumia mgonjwa ni sehemu ya ukaguzi huohuo. Diazepamu na dawa nyingine za usingizi, baadhi ya dawa za kifafa, na pombe ya aina yoyote, ikiwemo ile inayopikwa mtaani, huongeza uzito wa morfini katika kupumua. Wagonjwa wengi hawataji dawa walizonunua duka la dawa au kupewa na jirani. Swali la jumla, “unatumia dawa nyingine?”, huleta jibu la hapana. Kumwomba ndugu alete mfuko wote wa dawa zilizopo nyumbani huleta jibu la kweli.

Mkojo ni swali ambalo watu wengi hawaoni uhusiano wake na maumivu. Saratani ya shingo ya kizazi inapokua huweza kuziba mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Figo zikilemewa, mabaki ya morfini ambayo kwa kawaida hutoka kwa mkojo hujikusanya mwilini. Mama aliyekaa vizuri na dozi yake kwa miezi miwili anaanza kusinzia, kuchanganyikiwa, na misuli yake kushtukashtuka. Ndugu wanadhani ni ugonjwa umefika mwisho, au wanadhani dawa imeharibika. Muuguzi aliyeuliza “Mama, mkojo unatoka kama zamani?” katika kila ziara ataliona tatizo siku chache kabla, wakati daktari bado anaweza kupunguza dozi, kurefusha muda kati ya dozi na dozi, au kubadilisha dawa.

Halafu kuna choo. Katika madhara yote ya morfini, hili ndilo linalowatesa wagonjwa wengi zaidi na kutajwa na wachache. Kichefuchefu cha mwanzo hupungua ndani ya siku chache, na ikibidi hutulizwa kwa metoklopramidi. Usingizi wa mwanzo huzoeleka. Kufunga choo hakuzoeleki: utumbo huendelea kupungua kasi kwa muda wote mgonjwa anapotumia dawa. Ndiyo maana dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, inapaswa kuanza siku ileile morfini inapoanza, wala haingojwi hadi tatizo litokee. Maji, uji na papai husaidia, lakini havitoshi peke yake.

Mama mtu mzima hatamwambia kijana wa zahanati kwamba hajapata choo kwa siku tisa. Ataacha kunywa dawa inayomfungia choo, maumivu yatarudi, na familia itasema morfini imeshindwa. Ugumu huzidi pale kinyesi kigumu kinapoziba na majimaji kupenya pembeni yake. Anayemuuguza huona kuhara, na kwa nia njema anasimamisha dawa ya kulainisha choo, jambo linaloongeza tatizo. Muuguzi anayejua hali hiyo huuliza kwa upole, ikiwezekana wakiwa wawili tu, na huuliza siku: mara ya mwisho ilikuwa lini, kilikuwa kigumu au laini, kingi au kidogo. Inapobidi, hupima kwa mkono. Ni kazi isiyo na heshima mbele za watu, na pengine hakuna nyingine katika ziara nzima inayomrudishia mgonjwa utu wake kwa haraka kama hiyo.

Hofu inayofungiwa kabatini

Katika nyumba nyingi chupa ya morfini hukutwa imejaa kwa sababu isiyohusu nauli wala kutapika. Mtoto mkubwa wa mgonjwa amesikia kwamba ni dawa ya kulevya, akaamua mama yake asife akiwa teja. Mwingine ameambiwa kwamba ukiona morfini, hospitali imekata tamaa, kwa hiyo kuinywa ni kukubali kifo.

Hofu ya kwanza inachanganya mambo matatu. Mwili uliozoea dawa kwa wiki kadhaa utasumbuka ikikatwa ghafla: jasho, kuhara, kukosa utulivu. Huko ni mwili kuizoea dawa, na ndiyo sababu dozi hupunguzwa polepole pale ambapo mionzi au upasuaji umeondoa chanzo cha maumivu. Mwili pia huweza kuhitaji dozi kubwa zaidi kadiri muda unavyokwenda, ingawa kwa mgonjwa wa saratani sababu kubwa ya kuongeza dozi huwa ni ugonjwa kuendelea kukua. Uraibu ni jambo jingine. Ni kuitafuta dawa kwa ajili ya ulevi, kuitumia pasipo maumivu na kuendelea nayo licha ya madhara kwa maisha ya mtu. Mgonjwa anayeomba dozi yake saa 8 kwa sababu mgongo unawaka hayumo katika kundi hilo.

Hofu ya pili hujibiwa kwa namna bora na mgonjwa mwenyewe, siku ya tatu au ya nne, anapoketi nje na kuomba chakula. Morfini iliyopimwa vizuri haiharakishi kifo. Mgonjwa anaweza kuitumia kwa miezi mingi huku akiendelea na mionzi na kliniki zake.

Pamoja na hayo, si kila hofu ni ya kupuuzwa. Uraibu hutokea, na muuguzi hana budi kuuliza tangu mwanzo kama mgonjwa au mtu wa nyumbani amewahi kutumia heroini au kulemewa na pombe. Jibu la ndiyo halimnyimi mgonjwa haki ya kutulizwa maumivu. Hubadilisha utaratibu: dawa hutolewa ya siku chache kwa wakati mmoja, ndugu mmoja anayeaminika hukabidhiwa chupa, na ziara huwa za karibu zaidi. Mgonjwa anayehudhuria kliniki ya methadoni, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011 na kuenea katika mikoa mingine, anahitaji kliniki hiyo ijue ugonjwa wake mpya na dawa zote anazopewa. Baadhi ya dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI hupunguza nguvu ya methadoni mwilini.

Uzoefu wa Marekani huonesha upande wa pili. Kuanzia miaka ya 1990 dawa hizi ziliandikwa huko kwa wingi kwa maumivu ya mgongo na ya viungo, bila ufuatiliaji uliostahili, na nchi hiyo iliingia katika janga la vifo ambalo baadaye liliongezewa na heroini na fentanili ya magendo. Hali ya Afrika Mashariki ni tofauti sana. Ripoti ya tume ya jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka 2017 ilieleza kwamba kati ya wastani wa tani 298.5 za dawa hizi, zikikokotolewa kwa kipimo cha morfini, zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Uhaba huo ndio tatizo kubwa la wagonjwa wa ukanda huu. Linalofaa kuchukuliwa kutoka Marekani ni kwamba dawa na ufuatiliaji huongezwa pamoja.

Tramadoli ya dukani

Kwa muuguzi wa kituo cha afya, dawa jamii ya afyuni anayokutana nayo mara nyingi zaidi huenda isiwe morfini. Ni tramadoli, iliyoandikwa baada ya ajali ya bodaboda au upasuaji na kuendelea kutumika miezi sita baadaye kwa maumivu ya kiuno. Hii ni dawa ya cheti, na kiwango cha juu kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku. Ikizidi huweza kuleta degedege hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa, na hatari huongezeka ikichanganywa na baadhi ya dawa za sonona. Kijana anayeletwa akiwa na degedege isiyoeleweka anapaswa kuulizwa kuhusu tramadoli kabla hajapelekwa kwa mganga wa jadi.

Kwa maumivu ya muda mrefu yasiyo ya saratani, kama ya mgongo na magoti, ushahidi wa faida ya dawa hizi ni mdogo. Muuguzi anayemwona mgonjwa kama huyo kila mwezi ndiye anayeweza kuuliza swali ambalo cheti kinachorudiwa hakiulizi: tangu uanze dawa hii, kuna kazi unayoweza kuifanya leo ambayo hukuiweza? Kama hakuna, ni wakati wa daktari kuangalia upya tiba nzima. Kodeini, inayopatikana katika baadhi ya vidonge na dawa za kikohozi, haifai kwa watoto chini ya miaka 12. Kwa mama anayenyonyesha ina hatari ya pekee, kwa sababu baadhi ya watu huibadilisha mwilini kuwa morfini kwa kasi kubwa, na mtoto huipata katika maziwa.

Mlango ambao Uganda iliufungua

Nchini Tanzania morfini huandikwa na daktari, na muuguzi hufuatilia. Uganda ilichukua hatua zaidi. Mwaka 2004 kanuni zake zilirekebishwa ili wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa waweze kuandika morfini ya kumeza. Kazi ya miaka iliyotangulia ya Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, ndiyo iliyoandaa njia hiyo. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: wagonjwa walikuwa vijijini, madaktari walikuwa mijini, na wauguzi walikuwa tayari wanawatembelea wagonjwa hao nyumbani, wakiwa na maarifa ya kutosha lakini bila ruhusa ya kalamu.

Hata pasipo kalamu, muuguzi wa kituo cha afya anahitaji mambo kadhaa ili afanye kazi hii inavyotakiwa. Anahitaji barua kutoka hospitali inayotaja dozi kwa miligramu na nguvu ya dawa, na siyo “morfini 5” peke yake. Anahitaji namba ya simu ya daktari au famasia anayeweza kupokea swali lake. Anahitaji muda, na hapa ndipo penye ugumu, kwa kuwa muuguzi huyohuyo anazalisha, anachanja na anafunga vidonda. Ziara ya nyumbani ya mgonjwa mmoja inaweza kula nusu siku. Simu ya dakika tano kila siku tatu, kati ya ziara na ziara, hupunguza mzigo huo bila kumwacha mgonjwa peke yake, ilimradi maswali yawe yaleyale: maumivu vidole vingapi, usingizi, choo, mkojo, dawa iliyobaki.

Familia inavyoweza kumsaidia muuguzi

Ndugu anayemleta mgonjwa kituoni, au anayekuja kwa niaba yake, anashauriwa kuja na chupa yenyewe, kifaa cha kupimia, mfuko wa dawa nyingine zote na karatasi yenye saa ambazo dozi zilitolewa. Dawa itunzwe katika kisanduku au kabati lenye kufuli, na ufunguo awe nao mtu mmoja. Haipaswi kumiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa kwa sababu yoyote ile, maana mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Dozi ya mgonjwa mmoja haigawanywi kwa jirani hata kama ugonjwa unafanana. Dozi iliyosahaulika hailipwi kwa kunywa mbili kwa pamoja, na dawa haikatwi ghafla bila kumwona mtaalamu.

Chupa ibebwe kwenda kliniki kabla haijaisha. Ikibaki ya siku tano, safari ipangwe, kwa sababu zahanati kwa kawaida haitunzi dawa hii na mgonjwa anaweza kupita siku mbili za mateso akisubiri basi.

Mgonjwa akifariki dunia, dawa iliyobaki ni mali inayodhibitiwa kisheria na haipaswi kubaki nyumbani, kuuzwa wala kumwagwa shimoni kienyeji. Inarudishwa katika kituo kilichoitoa au kukabidhiwa kwa muuguzi, naye hupima mililita zilizosalia, huziandika katika rejista mbele ya ndugu, na wote wawili hutia saini. Wauguzi wengi huifuata chupa hiyo wenyewe, siku chache baada ya mazishi, wakati wa kwenda kutoa pole.

Wananchi wenye maswali kuhusu matumizi ya dawa hizi wanaweza kumwona mtaalamu katika kituo cha afya kilicho karibu, au kupiga simu namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo.